Binti yangu haachani na simu: je, nimnyang'anye?

SWALI: Binti yangu ana miaka 14. Tangu apate simu yake mwaka jana amekuwa mtu mwingine. Anaongea kama marafiki zake, anataka kuvaa kama wao, anakuwa mkali tukimwambia aiweke simu pembeni wakati wa kula, na usiku nikiamka naona mwanga chini ya mlango wake. Wiki iliyopita nilimkuta analia kwa sababu wenzake wa darasani wamemtoa kwenye kundi lao la WhatsApp. Ndugu zangu wananiambia mchelea mwana kulia hulia yeye, nimnyang'anye simu mambo yaishe. Mume wangu anasema nikifanya hivyo nitamtenga na wenzake. Je, kinachombadilisha ni simu, au ni umri tu? Nifanye nini?

JIBU: Mama mpendwa, swali lako kama ni simu au ni umri ndilo ninalotaka kulijibu kwanza, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloonyesha kama kumnyang'anya kuna faida. Kwa maoni yangu, wanaombadilisha binti yako ni wenzake. Ila simu imewapa wenzake hao nafasi ambayo rika halikuwahi kuwa nayo zamani, yaani nafasi ya kuwa naye saa zote, hadi kitandani. Ndiyo maana sikushauri umnyang'anye, lakini pia sikushauri uendelee kumwachia simu chumbani usiku, hata usiku mmoja zaidi.

Mtoto anapobalehe, macho yake huanza kuwatazama wenzake zaidi kuliko wazazi, na hali hiyo ilikuwapo kabla ya simu yoyote kutengenezwa. Mwaka 2005 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, walichapisha matokeo ya jaribio ambamo vijana wa miaka 13 hadi 16, vijana wa umri wa chuo na watu wazima walicheza mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, baadhi yao wakiwa peke yao na wengine wakiwa pamoja na wenzao. Vijana waliokuwa na wenzao walijiingiza katika hatari nyingi zaidi kuliko waliocheza peke yao, na athari hiyo ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa watu wazima. Sababu mojawapo ni kwamba sehemu za ubongo zinazosisimka mtu anapopata tuzo, na kukubaliwa na wenzako ni tuzo kubwa katika umri huo, huamka mapema katika balehe, ilhali sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hutuwezesha kupima matokeo na kujizuia, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Kwa hiyo binti yako anapoiga lafudhi na mavazi ya marafiki zake, haina maana kwamba malezi yako yameshindwa. Anajifunza kuwa mmoja wa watu wasio wa nyumbani kwao, kazi ambayo kila mtoto hana budi kuifanya.

Zamani kazi hiyo ilikuwa na mapumziko. Shule ilipofungwa jioni, maneno ya darasani yalibaki darasani mpaka kesho, na aliyegombana na mwenzake alipata usiku mzima wa kutulia kabla ya kukutana naye tena. Sasa hebu mtazame mtoto wa miaka 14 aliyelala na simu yake, saa tano na nusu usiku. Ujumbe unaingia. Akiufungua, tiki mbili zinageuka buluu na mwenzake anajua kwamba umesomwa. Asipojibu, kesho ataulizwa kwa nini amenyamaza. Asipoufungua, bado wenzake wanaweza kuona saa aliyokuwa mtandaoni mara ya mwisho. Akiandika jambo la siri, mtu anaweza kulipiga picha ya skrini na kulipeleka kwenye kundi la watu thelathini kabla yeye hajazima taa. Katika hali hiyo kulala kunakuwa na gharama, na mtoto hukesha kwa hofu kuliko kwa starehe. Wazazi wengi hudhani mwanga ule chini ya mlango ni wa mchezo au video. Mara nyingi ni wa mtoto anayelinda nafasi yake katika kundi.

Jambo la pili ambalo simu imelileta ni kuhesabu. Kijana wa zamani alikisia tu kama anapendwa. Wa leo anaonyeshwa kwa tarakimu. Facebook iliweka kitufe cha laiki mwaka 2009, na mitandao mingi iliyofuata ikajengwa juu ya hesabu ya namna hiyo. Mwaka 2016 Lauren Sherman na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha vijana 32 wa miaka 13 hadi 18 picha za mtandaoni huku mashine ikipima shughuli za ubongo wao. Picha ile ile iliyopewa laiki nyingi ilipata laiki zaidi kutoka kwa vijana hao kuliko ilipopewa laiki chache, na hilo lilitokea hata kwa picha za sigara na pombe. Vijana walipoona picha zao wenyewe zimepata laiki nyingi, sehemu ya ubongo inayohusika na tuzo ilisisimka zaidi. Laiki hizo ziliwekwa na watafiti, lakini vijana waliamini zimetoka kwa vijana wenzao, na imani hiyo ilitosha.

Nalitaja jaribio hili kwa sababu linaonyesha jinsi ushawishi wa rika unavyofanya kazi ndani ya simu: hakuna aliyemwambia kijana avute sigara, wala aliyemcheka kwa kutovuta. Aliona tu kwamba wengi wamependa, naye akapenda. Msukumo wa namna hiyo ni mgumu kuukataa kwa kuwa hauna msemaji. Ukimuuliza binti yako ni nani anayemshinikiza, atakujibu kwa moyo mweupe kwamba hakuna, na hatakuwa amekudanganya. Mara nyingine utamwona anaweka picha, anaitazama kila baada ya dakika chache, kisha anaifuta kabla ya nusu saa kwa sababu haikupata idadi aliyoitarajia. Hapo usimcheke. Afadhali ajue kwamba tangu mwaka 2021 Instagram inamruhusu mtumiaji kuficha hesabu ya laiki, na kwamba WhatsApp ina mahali pa kuzima tiki za buluu katika mazungumzo ya watu wawili na pa kuficha saa ya mwisho kuonekana. Kaeni pamoja mkavitafute vitufe hivyo. Ni mambo madogo, lakini yanampunguzia mtoto baadhi ya macho yanayomtazama.

Sasa niseme juu ya kundi la WhatsApp, kwa sababu naamini hapo ndipo maumivu yake yalipo, na mtu mzima hulichukulia jambo hilo kwa wepesi sana. Mwanasaikolojia Kipling Williams alibuni mchezo mdogo wa kompyuta ambamo mtu hurushiana mpira na wachezaji wengine wawili asiowafahamu, kisha baada ya muda hao wawili huacha kumrushia. Mchezo huchukua dakika chache na hauna zawadi yoyote. Hata hivyo watu wanaotengwa humo hujiona hawana maana na hawana mahali pao, na katika jaribio moja la mwaka 2004 waliumia hata walipoambiwa kwamba wanacheza na kompyuta tu. Ikiwa mtu mzima huumizwa na wageni wasiokuwapo, fikiria mtoto wa miaka 14 anayetolewa na watu atakaokaa nao darasa moja kesho asubuhi, tena mbele ya wote, kwa sababu WhatsApp huandika ndani ya kundi kwamba fulani ameondolewa. Mara nyingi kundi jipya huundwa siku ile ile bila yeye, na mazungumzo ya huko humfikia kwa vipande.

Kwa hiyo usimwambie kwamba ni kundi tu, wala usimpigie simu mama wa aliyemtoa kabla hujazungumza na binti yako, kwani mara nyingi hatua hiyo humgeuza mtoto kuwa mchongezi machoni pa wenzake. Mwulize kilichotangulia, nani alisema nini, nani alinyamaza, na nani alimtumia ujumbe wa faragha baadaye kumwuliza hali. Huyo wa mwisho ndiye wa kumshika. Mtoto aliyetengwa na ishirini hahitaji kurudishwa kwa ishirini; rafiki mmoja wa kweli, anayemtembelea na kukaa naye ana kwa ana, hupunguza sehemu kubwa ya maumivu hayo. Lakini kama ndani ya kundi kulikuwa na matusi ya kurudiarudia, vitisho au picha zake zilizosambazwa, basi jambo limevuka ugomvi wa watoto na linaitwa unyanyasaji. Hifadhini ushahidi kwa picha za skrini zenye tarehe, kisha upeleke suala hilo shuleni. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024, iliyotokana na utafiti katika nchi na maeneo 44 ya Ulaya, Asia ya Kati na Kanada, ilieleza kwamba takriban kijana mmoja kati ya sita wa miaka 11 hadi 15 amewahi kunyanyaswa mtandaoni. Binti yako hayuko peke yake, na inafaa ajue hivyo.

Huenda umesoma mahali kwamba simu zimekiharibu kizazi kizima, na mahali pengine kwamba hofu hiyo haina msingi. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Jean Twenge na Jonathan Haidt wanaona kuwa kuenea kwa simu janja na mitandao ya kijamii ni chanzo kikubwa cha kuzorota kwa afya ya akili ya vijana tangu miaka ya mwanzo ya 2010. Kwa upande mwingine, Amy Orben na Andrew Przybylski walichambua mwaka 2019 takwimu za vijana zaidi ya 355,000, wakakuta kwamba matumizi ya teknolojia ya kidijitali hayaelezi zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi kati ya kijana na kijana. Mimi nazisoma kazi hizi hivi: idadi ya saa peke yake haituambii mengi. Saa mbili za kuzungumza na binamu aliye mbali na saa mbili za kutazama miili ya watu iliyorembeshwa huandikwa kwenye takwimu kama kitu kimoja, na wastani wa watoto laki tatu unaweza kumficha mtoto mmoja anayezama. Ripoti nyingine ya Shirika la Afya Duniani, iliyotokana na utafiti ule ule wa nchi na maeneo 44, ilikadiria kuwa asilimia 11 ya vijana walikuwa na dalili za matumizi yenye matatizo ya mitandao ya kijamii mwaka 2022, kutoka asilimia 7 mwaka 2018, na wasichana walikuwa wengi kuliko wavulana. Mkuu wa afya ya umma wa Marekani wakati huo, Vivek Murthy, alitoa tahadhari rasmi Mei 2023 akisema kwamba usalama wa mitandao hiyo kwa watoto haujathibitishwa. Kwa mzazi, tahadhari hiyo inatosha kuchukua hatua bila kungoja wataalamu wamalize ubishi wao.

Hatua ya kwanza ni usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kwa usiku. Katika balehe mwili wenyewe huchelewesha kutoa melatonini, homoni inayoleta usingizi, ndiyo maana kijana hachoki mapema kama mdogo wake. Mwanga wa skrini na ujumbe wenye mashaka huusogeza usingizi mbali zaidi, na kengele ya shule haisogei. Mtoto asiyelala hukasirika upesi, hulia upesi, na huyachukulia maneno ya wenzake kwa ubaya, na pengine sehemu ya mabadiliko unayoyaona si tabia bali ni uchovu. Wekeni utaratibu kwamba simu zote za nyumba, pamoja na yako na ya baba yake, zinachajiwa usiku mahali pamoja nje ya vyumba vya kulala, kuanzia saa mtakayokubaliana. Akisema anaihitaji simu kwa ajili ya kengele ya asubuhi, mnunulie saa ya kengele.

Utaratibu huu una faida ambayo wazazi hawaitarajii. Mtoto ambaye simu yake iko sebuleni ana sababu ya kutojibu ambayo haimvunjii heshima: atawaambia wenzake kwamba kwao simu huwekwa saa tatu, na wenzake watakulaumu wewe. Kubali lawama hiyo. Nimesikia vijana wakilalamika juu ya sheria ya namna hii mbele ya mzazi, kisha wakikiri faraghani kwamba imewapumzisha.

Ama kuhusu kunyang'anya, nawaelewa ndugu zako, na methali waliyoitaja ina ukweli wake: mtoto asiyewekewa mipaka kwa kuogopa machozi yake atamliza mzazi baadaye. Lakini mpaka ni kitu kimoja na kunyang'anya kama adhabu ni kitu kingine. Sasa hivi binti yako ametengwa na kundi. Ukichukua simu leo utakuwa umemkata pia na yule mmoja aliyebaki, na hofu ya mume wako hapo ina msingi. Lililo zito zaidi ni kwamba mtoto anayejua kuwa kila tatizo la simu huishia kwa simu kuchukuliwa hujifunza kuficha matatizo. Wako matapeli mtandaoni wanaojifanya vijana, wanaomshawishi mtoto atume picha ya utupu, kisha wanamtishia kwamba wataisambaza asipolipa. Wavulana wa miaka 14 hadi 17 ni miongoni mwa wanaolengwa zaidi. Mtoto aliyenaswa hivyo hujiuliza kwanza mama atasema nini, na jibu analolitarajia ndilo huamua kama atakuja kwako usiku ule au ataendelea kulipa peke yake.

Mwahidi kwa maneno ya wazi, baba yake akiwapo, kwamba akikuletea tatizo lolote lililotokea kwenye simu hatapoteza simu kwa sababu ya kukuambia. Ahadi hiyo itimizeni hata siku mtakayokuwa na hasira. Mwambie pia kwamba ikitokea ametishwa kwa picha, asilipe, asifute mazungumzo, na ajue kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, inayoendeshwa na kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na kunyanyaswa, ambayo husaidia kuzuia picha za utupu za walio chini ya miaka 18 zisisambazwe kwenye mitandao inayoshirikiana nayo. Huduma hiyo hutengeneza alama ya kidijitali ya picha, na picha yenyewe haiondoki kwenye simu ya mhusika.

Kupekua simu yake kwa siri sikushauri. Akigundua, na watoto hugundua, atafungua akaunti ya pili usiyoijua. Ukitaka kuona, mwambie kwamba utaona, kwa utaratibu mliokubaliana, na upunguze kadiri anavyokua.

Jambo moja familia nyingi hulisahau ni kwamba nguvu ya kundi haivunjwi na nyumba moja. Binti yako akiwa peke yake ndiye asiye na simu saa tatu usiku, atakuwa amekosa kitu. Marafiki zake watatu wa karibu wakiwa hawana vilevile, hakuna cha kukosa. Nchi kadhaa zimeliona hilo na zimeamua kuwawekea watoto wote mpaka mmoja. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia simu katika shule za msingi na za kati, na sheria ya Australia inayoitaka mitandao mikubwa ya kijamii izuie akaunti za walio chini ya miaka 16 ilianza kutekelezwa tarehe 10 Desemba 2025. Huna haja ya kusubiri bunge. Tafuta wazazi wawili au watatu wa watoto walio karibu naye, mkubaliane juu ya saa moja ya kuweka simu, na kila mmoja awaambie wanawe kwamba wengine nao wanafanya hivyo. Naona hatua hii inashinda programu zote za kudhibiti simu zinazouzwa.

Kabla ya kumweleza binti yako lolote kati ya haya, wewe na mume wako malizeni tofauti zenu kwanza, kwa sababu mtoto wa miaka 14 hupita kwa urahisi katikati ya wazazi wasioelewana. Mwekeeni muda wa kujadili upya, labda baada ya miezi mitatu, na mambo atakayopendekeza yeye yaingizwe pale yanapofaa. Wiki ya kwanza atanuna, hilo lisikutishe. Linalopaswa kukutisha ni mengine: akiacha kula au kulala kwa wiki kadhaa hata simu ikiwa nje ya chumba, akikataa kabisa kwenda shule, akiachana na mambo yote aliyoyapenda, akijikata au akisema ni heri asingekuwapo. Ukiona moja kati ya haya, usilijadili kama suala la simu. Usimwache peke yake, na umpeleke siku hiyo hiyo kwa daktari au mshauri wa afya ya akili.